Timu inaporomoka, na nyumbani kwangu pia mambo yanaporomoka

Shikamoo Anti,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, umri wangu miaka 38, na huu ni mwaka wa 14 naishi Marekani, katika mji mmoja wa kando ya Maziwa Makuu ya huku. Nimeoa hapa hapa na tuna mtoto wa kiume wa miaka 10. Besiboli nilifundishwa na baba mkwe. Alinipeleka uwanjani, akanieleza kwa nini mpigaji wa mkono wa kushoto hupata tabu mbele ya mrushaji wa mkono wa kushoto, akaninunulia kofia, na tangu siku hiyo mchezo huu umeniingia damuni.

Huu ni mwaka wa sita tuna ushirika wa tiketi za msimu, watu watatu: baba mkwe, rafiki yangu wa kazini ambaye kwao Mombasa, na mimi. Tunachukua michezo 20 kati ya 81 ya nyumbani, viti vinne, dola 30 kila kiti. Jumla dola 2,400, kila mmoja anatoa 800. Akaunti ni ya jina la baba mkwe, lakini kadi inayokatwa ni yangu, kisha wao wananirudishia.

Mwaka huu tulianza vizuri. Katikati ya Juni tulikuwa tumeshinda 40 na kupoteza 32. Tangu hapo tumeshinda 26 na kupoteza 43. Leo naandika tuna 66 kwa 75, imebaki michezo 21, na timu inayoshika nafasi ya mwisho ya waildikadi, yaani ya kuingia mchujo bila kuongoza kundi, ina 76 kwa 65. Mwisho wa Julai uongozi ulimuuza mrushaji wetu wa kumalizia, yule anayeingia mwishoni kulinda ushindi, ukaleta vijana wawili ambao hata hawajafika ligi kuu. Tangu siku hiyo tunaongoza mpaka iningi (kipindi) ya 7 kati ya 9, tunafungwa ya 8. Michezo inayoamuliwa kwa tofauti ya mkimbio mmoja, yaani bao moja, tumeshinda 15 na kupoteza 24. Juzi mrushaji wetu kijana, aliye bora kuliko wote, alitolewa baada ya mipira 74 wakati hajafungwa hata mkimbio mmoja. Tukapoteza 3 kwa 2. Nikarusha rimoti ukutani, betri zikatawanyika, mwanangu akalia. Alikuwa amekaa sakafuni na kitabu chake cha kuandikia mchezo. Tangu siku ile hajakifungua.

Mke wangu hajagomba, ila ameniambia kwamba timu ikicheza yeye na mtoto watakuwa chumbani. Michezo ya pwani ya Magharibi kwa saa za huku inaanza saa 3:40 au saa 4:10 usiku, nami naamka saa 11 alfajiri kwenda ghalani. Kazini nako wamekata saa za ziada tangu Juni, kwa hiyo hela imebana.

Rafiki yangu wa Mombasa anasema tususe. Anataka viti vyetu vikae vitupu michezo mitatu iliyobaki, au twende na mabango ya kumtaka mmiliki auze timu, na mwakani tusilipe. Anasema pia afadhali tupoteze yote iliyobaki ili tupate nafasi nzuri ya kuchagua vijana. Baba mkwe ana miaka 74 na anasema yeye ameona mabaya kuliko haya, na kwamba mtu haachi timu kwa sababu inapoteza. Tiketi zinajihuisha zenyewe: tusipoiarifu ofisi kabla ya tarehe 30 Septemba, kadi yangu inakatwa asilimia 10 ya mwanzo tarehe 1 Oktoba.

Nikijitoa, naogopa baba mkwe ataona nimemtupia mkono wake usoni. Nikibaki, namlipa mtu ambaye naamini hajali. Nimejaribu kuuza tiketi kwenye programu ya simu. Za dola 30 zinatoka kwa 7, kabla ya makato.

Na jambo lingine dogo. Mwanzo wa msimu nilikuwa naweka mkeka wa dola 10 kila Ijumaa. Siku hizi naweka 25 karibu kila mchezo, mara nyingi naweka tupoteze, ili tukifungwa angalau nipate kitu. Mke wangu hajui, lakini si hela nyingi.

Niache kuangalia kabisa? Nijitoe kwenye tiketi? Nisaidie, Anti.

Mshabiki aliyechoka


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu umeandika mambo manne na kuyafunga kwa kamba moja. Kuna timu inayopoteza, kuna dola 800, kuna mkweo na rafiki yako, na kuna mtoto aliyefunga kitabu chake. Unaniuliza uache au ubaki, kana kwamba neno moja litayajibu yote manne. Mimi sidhani kama yanakwenda pamoja. Unaweza kujitoa kwenye tiketi ukabaki na hasira ile ile sebuleni. Unaweza pia kulipa dola 800 zako, na nyumba ikatulia.

Nianze na timu, maana wewe ni mtu wa mchezo na ungenidharau nikiiruka.

Unasema uongozi haujali, na ushahidi wako mkubwa ni iningi ya 8. Itazame tena pole pole. Mrushaji wa kumalizia alipouzwa, iningi ya 9 ilikuwa na mtu na bado ina mtu. Kilichotokea ni kwamba kila mrushaji wa akiba alipanda ngazi moja. Aliyekuwa wa iningi ya 8 sasa anamalizia, aliyekuwa wa 7 amepewa ya 8, na wa 7 wa sasa ni yule ambaye Mei alikuwa anaingia mkiwa mmeshafungwa mikimbio sita. Warushaji hawa wanarusha siku tatu kati ya nne, mkono unachoka, kasi ya mpira inashuka kidogo, na mpira unaojipinda unabaki juu katikati, mahali ambapo mpigaji wa ligi kuu hasamehi. Kuumia una haki. Ila walichofanya ni hesabu ya kuuza mtu ambaye pengine mkataba wake unaisha, wapate wawili wa miaka mitatu ijayo. Inaweza kuwa hesabu mbaya, na unaruhusiwa kuikataa. Lakini mtu anayepiga hesabu mbaya na mtu asiyejali ni watu wawili tofauti, na hasira yako imewafanya mmoja.

Kwa huyo kijana wa mipira 74 nina mashaka zaidi na hukumu yako. Wapigaji wakimwona mrushaji yule yule kwa mzunguko wa tatu katika mchezo mmoja, humpiga vizuri kuliko wa kwanza. Hilo linajulikana na kila kocha. Na kijana ambaye mwaka jana alirusha iningi 90 au 100, mwaka huu akifika 140 mwezi Septemba, kiwiko chake ni mali ya kulindwa. Kocha alimtoa kwa ajili ya Aprili ijayo. Umeuona mchezo mmoja ukipotea, yeye alikuwa anatazama mkono utakaorusha miaka mingi.

Sasa nafasi yenu. Siku uliyoandika, namba ya kuondolewa, ambayo ikifika sifuri mmetoka, ilikuwa 12: unachukua 163 (michezo 162 ya msimu na mmoja juu), unatoa ushindi wa mpinzani 76, unatoa vipigo vyenu 75. Kila wakishinda au mkipoteza inapungua moja. Na kwa kuwa tangu 2022 hakuna tena mchezo wa ziada wa kuvunja sare, kama waliwazidi mlipokutana wao kwa nyinyi basi ni 11. Kwa mwendo wa sasa itafika sifuri ndani ya siku kumi na moja hivi. Nakuambia hivi kwa sababu nahisi kila usiku unaingia sebuleni na tumaini usilolitaja. Detroit Tigers mwaka 2024 walikuwa wameshauza wachezaji na wana 55 kwa 63 tarehe 10 Agosti, kisha wakashinda 31 kati ya 44 na kuingia mchujo. Hiyo ilitokea kweli. Na kweli pia ni kwamba New York Mets mwaka 2025 walikuwa na 45 kwa 24 tarehe 12 Juni, wakamaliza 83 kwa 79, wakatolewa siku ya mwisho kabisa. Muujiza wa Tigers ulikuwa na michezo 44 ya kujijenga. Nyinyi mna 21. Kuna mashabiki wanaopumua vizuri siku namba inapofika sifuri, kwa sababu wanaanza kuangalia mchezo badala ya kuangalia msimamo. Sijui kama wewe ni wa aina hiyo. Jiulize.

Mkitaka kujua ubaya wa timu, msitazame ushindi peke yake. Chukua mikimbio mliyofunga, zidisha kwa yenyewe. Chukua mliyofungwa, fanya vivyo hivyo. Ya kwanza igawe kwa jumla ya zote mbili. Kwa mfano timu iliyofunga 590 na kufungwa 604 inapata 0.488, ambayo kwa michezo 141 ni ushindi 69. Weka namba zenu halisi uone. Mkikuta mlistahili kushinda michezo mitatu au minne zaidi ya mliyoshinda, basi ile 15 kwa 24 ya mkimbio mmoja imewala, na mara nyingi balaa la namna hiyo halirudi mwaka unaofuata kwa ukubwa ule ule. Mkikuta mlistahili hata pungufu ya 66, hapo rafiki yako wa Mombasa ana hoja nzito kuliko ulivyomkubalia.

Naye nimjibu kidogo, kwa heshima. Kutamani kupoteza ili mpate kijana bora hakulipi kama zamani. Tangu drafti (uchaguzi wa vijana wapya) ya 2023, nafasi sita za juu zinapigiwa kura ya bahati kati ya timu zote 18 zisizoingia mchujo, na timu tatu za mwisho kabisa zina asilimia 16.5 kila moja ya kupata nafasi ya kwanza. Timu yenye ushindi 66 mapema Septemba haiko karibu na hizo tatu. Na hata kuwa wa mwisho si dhamana: Chicago White Sox mwaka 2024 walipoteza michezo 121, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika zama za sasa, na kwa sababu kanuni zinazuia baadhi ya timu kupata nafasi za juu mfululizo, katika drafti iliyofuata walichagua wa 10. Kwa hiyo kila mnapofungwa na rafiki yako akafurahi, anafurahia kitu kidogo sana.

Kususa ni habari nyingine. Hilo ni haki yenu, wala sikuambii ni utoto. Ila litazameni lilivyo. Viti vinne vitupu mwezi Septemba, ambavyo mmeshavilipia, havimpunguzii mmiliki hata senti. Kinachomgusa ni msilipe ya mwakani, na mkimwandikia sababu kwa maneno ya adabu ofisi ya tiketi huwa inaziandika, kwa kuwa inapigania kila mteja. Mabango yanasikika zaidi uwanja ukiwa umejaa. Mashabiki wa timu ya Oakland Athletics walilijua hilo: tarehe 13 Juni 2023, badala ya kukaa nyumbani, walikubaliana wajae, wakaja 27,759 katika uwanja uliozoea kuwa mtupu, wakaimba wote mmiliki auze timu, na timu ikashinda 2 kwa 1. Ulikuwa usiku mkubwa. Hata hivyo timu ilihama, na tarehe 26 Septemba 2024 watu 46,889 walikuja kuiaga baada ya kuwa mjini pale tangu 1968. Nakutajia hili ili ukienda na bango, uende kwa sababu unataka kusema, si kwa sababu umeahidiwa kusikilizwa. Na kama mwanao atakuwa kiti cha pili, mweleze mapema bango linasema nini na kwa nini. Mtoto akiona watu wazima wanapiga kelele za hasira bila maelezo, ataikumbuka rimoti.

Mwanangu, nimefika pale ulipoandika “jambo lingine dogo.” Niruhusu nikae hapo.

Ulianza na dola 10 kwa wiki. Sasa ni 25 karibu kila mchezo, na timu inacheza siku sita kwa wiki. Hizo ni kama dola 150 kwa wiki, 600 kwa mwezi zinazopita mkononi mwako, huku tunajadiliana juu ya 800 za mwaka mzima. Najua baadhi zinarudi. Lakini tupige hesabu ya kuweka timu yako ipoteze. Timu mbovu ikikutana na nzuri, bei ya ile nzuri inaweza kuwa unaweka 180 upate faida ya 100. Kwa dola 25, ukishinda unapata 13.89. Ili usipate hasara kwa bei hiyo lazima ipoteze zaidi ya asilimia 64 ya michezo. Yenu tangu katikati ya Juni imepoteza 43 kati ya 69, yaani asilimia 62. Ungeweka mikeka yote 69 kwa bei hiyo, ungetoka na hasara ya dola 53 hivi, wakati ulikuwa umeisoma timu sawasawa kabisa. Bei inakwenda imeshahesabia ubovu unaoujua.

Hela si jambo linalonitia wasiwasi zaidi, ingawa zimebana tangu walipokukata saa za ziada. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba huna tena usiku mwepesi. Wakishinda, mkeka umechanika. Wakipoteza, moyo umechanika. Ulisema unaweka ili upate kitu wakifungwa, lakini usiku wa rimoti walifungwa, na sioni kama ulipata kitu. Na unajua mwenyewe kwa nini mkeo hajui. Nikikosea nisamehe.

Fungua hiyo programu, nenda kwenye historia, chagua kuanzia 1 Julai, uandike kwenye karatasi jumla uliyoweka na jumla iliyorudi. Usikadirie, andika. Karibu programu zote za huko zina sehemu ya kuweka kikomo cha kuweka hela kwa wiki, na nyingine ya kujifungia nje kwa muda. Kikomo ukikiweka, kinaanza mara moja. Ukitaka kukipandisha, kwa kawaida wanakusubirisha. Kama utajaribu kukaa wiki moja bila mkeka ukashindwa, simu ya bure ya 1-800-GAMBLER inapokelewa usiku na mchana na hawaulizi jina. Kumwambia mkeo ni uamuzi wako. Ukimwambia kabla hajaona taarifa ya benki, utaumia kwa siku kadhaa. Akiona mwenyewe, atajiuliza ni nini kingine asichokijua. Hizo ndizo njia mbili ninazoziona, na zote zina maumivu.

Na katika barua yako kuna tarehe moja uliyoipita haraka. Timu ilianza kuanguka Juni. Saa za ziada zilikatwa Juni. Inawezekana ni sadfa. Inawezekana pia kwamba kuna hasira ya kazini ambayo huwezi kumrushia msimamizi wako, ikapata mlango kila saa 3 usiku iningi ya 8 inapoanza. Mkeo ndiye anayeweza kukuambia, ukimuuliza bila televisheni kuwashwa.

Uliuliza uache kuangalia kabisa. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa wiki mbili inapumzisha. Hatari yake ni kwamba utakuwa unachungulia matokeo chooni kwenye simu, na mtoto atajifunza kwamba mchezo mliokuwa mkiupenda pamoja sasa ni kitu cha kufichwa. Njia ya katikati ni kuchagua. Michezo ya pwani ya Magharibi iache. Asubuhi kuna muhtasari wa dakika kumi, na mtu anayeamka saa 11 hana biashara na iningi ya 9 inayoisha karibu saa 7 usiku. Ya nyumbani inayoanza saa 12:40 jioni, tangu ilipowekwa saa ya kumharakisha mrushaji mwaka 2023, kwa wastani huchukua saa mbili na dakika arobaini hivi au pungufu, kwa hiyo saa 3:20 umemaliza. Wengine huzima picha wakasikiliza redio huku mikono inafanya kazi nyingine, wakakata kucha za mtoto, wakakunja nguo. Mkono ulioshika nguo haushiki rimoti.

Mtoto. Hapa nitakusukuma kidogo kuliko kwingine. Kwenye barua hukuandika kwamba ulimwomba radhi. Labda ulimwomba. Kama bado, iwe kabla ya mchezo, siyo baada, na isiwe na “ila kocha naye.” Halafu mpe sababu ya kukifungua kile kitabu ambayo haihusu nani ameshinda. Septemba ina kitu ambacho Mei haina: kuanzia tarehe 1 kikosi kinatoka watu 26 na kuwa 28, na chipukizi wanaitwa. Anayeitwa baada ya katikati ya Agosti hafikishi siku 45 za kikosi, kwa hiyo asipovuka zamu 130 za kupiga bado atahesabiwa chipukizi mwakani. Ndiyo maana timu zinawaleta wakati huu. Mwambie mwanao achague mmoja tu, aandike kila zamu yake. Mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu ni namba 6, wa besi ya pili ni 4, wa kwanza ni 3, na siku atakapoandika 6-4-3, yaani mpira mmoja uliopita kwa hao watatu ukatoa wachezaji wawili, kwa mara ya kwanza bila kukuuliza, utaona uso wake. Aliyetolewa kwa straiki ya tatu aliyoiangalia bila kupeleka gongo, K, alama ya kutolewa kwa straiki, inaandikwa imegeuzwa. Aandike pia mipira mingapi chipukizi huyo aliiacha kabla ya kupiga ya kwanza. Hayo yanaonekana hata timu ikifungwa 9 kwa 1.

Zimebaki michezo mitatu kwenye kifurushi chenu, na kila tiketi inauzika kwa 7 kabla ya makato. Kwa viti vinne hiyo ni chini ya dola 28. Tazama kama hiyo hela inatosha kuuza Jumapili moja ya mtoto na babu yake. Pengine inatosha, mimi siko mfukoni mwako.

Sasa mkweo. Unaamini kujitoa ni kumtupia mkono wake usoni. Umemuuliza? Mzee wa miaka 74 aliyeona misimu mingi mibaya huenda naye anahesabu ngazi za uwanja na bei ya maegesho. Huenda anabaki kwa sababu anadhani wewe na mjukuu mnataka abaki. Nyie wawili mnaweza kuwa mnalipa jumla ya dola 1,600, kila mmoja akimwonea mwenzake haya. Mwendee peke yako, bila rafiki wa Mombasa, maana mbele yake mazungumzo yatakuwa ya mmiliki wa timu. Mwambie habari ya saa za ziada, hiyo ni sababu ya heshima ambayo mkwe yeyote anaielewa. Kisha mwekee yaliyopo mezani: mnaweza kupunguza viti vinne viwe viwili, ambayo inaishusha jumla hadi 1,200 na kila mmoja 400, mnaweza kuuliza kama kuna kifurushi cha michezo 10, mnaweza kuacha mwaka mmoja mkanunua tiketi za siku kwa siku, kwa sababu timu ikiwa mbovu tiketi za Aprili na Mei huwa rahisi. Kila moja ina bei yake. Mkiachia viti mnaweza msivipate tena mahali pale pale, na kama miaka sita imewapa haki ya kununua kwanza tiketi za mchujo, inarudi sifuri. Kwa timu yenu ya sasa hiyo haki inaonekana haina thamani. Mwaka ambao itakuwa na thamani haupigi hodi kwanza.

Rafiki yako akijitoa peke yake, theluthi yake iko kwenye kadi yako. Hilo lisemwe kwa maandishi kati yenu watatu kabla ya tarehe 1 Oktoba, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, ili urafiki usije ukadaiwa. Na kwa kuwa akaunti ni ya jina la mzee, ofisi haitakubali ukipiga wewe. Inabidi apige yeye au akae pembeni yako akitaja jina lake. Pigeni angalau wiki moja kabla ya tarehe 30, muombe barua pepe ya kuthibitisha, kwa sababu siku mbili za mwisho simu zao hazishikiki, na kadi inayokatwa ni yako.

Nitafurahi ukiniandikia mzee amesemaje.

Anti